Injini ya asili ya Jaguar E-Type: namna ya kuitambua kabla ya gari kufumuliwa

WANUNUZI wengi wa magari ya kale ya michezo huanza kwa kutazama kile ambacho jicho hukutana nacho kwanza: kutu iliyokula sakafu, ngozi ya viti iliyopasuka, rangi iliyopauka. Kwa mtu anayekusudia kulifufua gari aina ya Jaguar E-Type, swali la kwanza linapaswa kuwa jingine kabisa, nalo ni kama injini iliyomo ndiyo ile iliyofungwa kiwandani mjini Coventry, Uingereza.

Swali hilo lina uzito wa fedha. Magari mawili ya mwaka mmoja na yenye hali inayolingana yanaweza kuachana sana kwa bei mnadani, ikiwa moja limebaki na injini yake na jingine limepachikwa injini iliyotoka kwingine. Ugumu wake ni kwamba kazi ya ukarabati yenyewe ndiyo inayofuta ushahidi. Mashine ya kusawazisha chuma, mchanga wa kupuliza kutu na rangi mpya, vyote hupita juu ya namba ambazo ndizo shahidi. Baada ya hapo mwenye gari hubaki na mashine inayong'aa, lakini isiyoweza kueleza ilikotoka.

Kwa nini injini zilibadilishwa

E-Type ilizinduliwa Geneva, Uswisi, Machi 1961, na iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1974, jumla yake ikizidi magari 72,000. Ilianza na injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 3.8. Oktoba 1964 ikaja ya lita 4.2, na mwaka 1971 ikafuata ya silinda 12 yenye lita 5.3.

Injini za silinda sita zilikuwa za ukoo wa XK, ulioonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika Jaguar XK120 na kudumu katika uzalishaji hadi mwaka 1992. Ukoo huohuo ulitumika katika magari ya kawaida ya kampuni hiyo, yakiwamo Mark 2, Mark X, 420 na XJ6. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kuna wakati E-Type ilikuwa gari kuukuu tu, linalokunywa petroli nyingi na lisilo na thamani kubwa. Injini yake ikifa, fundi alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akang'oa injini nzima ya XJ6 na kuifunga. Gari lilitembea, mwenye gari alifurahi, na hakuna aliyeona kwamba kuna kosa lililotendeka.

Sababu nyingine imo katika chuma chenyewe. Ujazo wa lita 4.2 ulipatikana kwa kupanua kipenyo cha silinda kutoka milimita 87 hadi 92.07, huku urefu wa mwendo wa pistoni ukibaki milimita 106. Kwa kuwa injini haikurefushwa, silinda zilisogezwa na nafasi kati yake ikawa finyu. Bloku nyingi za aina hiyo zimepata nyufa kati ya silinda moja na nyingine, na baadhi ya wenye magari waliona ni nafuu kutupa bloku kuliko kuitengeneza.

Vilevile kulikuwa na utaratibu wa kubadilishana: mteja alitoa injini iliyochoka na kupewa nyingine iliyokwisha kufanyiwa matengenezo. Kwa hiyo namba isiyooana si lazima iwe alama ya udanganyifu. Risiti ya gereji ya miaka hiyo, ikiwa imehifadhiwa, inaweza kueleza jambo ambalo chuma hakielezi.

Namba husomwaje

Injini ya E-Type ya lita 3.8 ina namba inayoanza na herufi R, na baada ya namba hizo kwisha zikafuata za RA. Ya lita 4.2 ya toleo la kwanza huanza na 7E, ya toleo la pili lililoanza mwaka 1968 huanza na 7R, na ya silinda 12 huanza na 7S. Mwishoni mwa namba za silinda sita huwa na kistari na tarakimu kama 8 au 9. Tarakimu hiyo haimo katika mfululizo wa namba. Inaonyesha kiwango cha mgandamizo, yaani nane kwa moja au tisa kwa moja.

Herufi za mwanzo peke yake zinatosha kuwafichua wageni. Namba inayoanza na 7L ni ya XJ6. Ile ya 7D ni ya Mark X ya lita 4.2 au ya 420G, na 7F ni ya 420. Herufi L ya injini ya lita 3.8 huelekeza kwenye Mark 2. Mnunuzi anayeambiwa kwamba gari lina injini yake ya kuzaliwa, kisha akakuta 7L imegongwa kwenye bloku, hana haja ya kuendelea na mabishano.

Hata hivyo, herufi sahihi si uthibitisho. Zinaonyesha tu kwamba injini ilitoka katika E-Type fulani, ambayo huenda siyo hii.

Mahali pa kuitafuta

Katika injini za silinda sita, namba hugongwa mahali pawili. Pa kwanza ni upande wa kulia wa bloku, juu ya filta ya oili. Pa pili ni sehemu ya mbele ya silinda hedi. Namba ya bloku hukaa chini ya kabureta na mara nyingi hufunikwa na tabaka la grisi na vumbi lililoganda kwa miongo kadhaa. Ndiyo sababu wauzaji wengi huonyesha namba ya hedi, ambayo ni rahisi kuiona, na kunyamaza kuhusu ile ya bloku.

Zote mbili zinapaswa kusomwa. Hedi ni ya alumini na hufunguliwa kila mara. Inaweza kuhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine kwa kazi ya siku moja. Namba zikitofautiana, bloku ndiyo inayohesabiwa kuwa injini, na hedi huhesabiwa kuwa kipuri kilichobadilishwa.

Kosa la kawaida ni kuchanganya namba hiyo na namba ya kalibu. Namba ya kalibu imevimba juu ya chuma kwa sababu ilitokana na umbo ambamo chuma kilimiminwa, na hujirudia katika maelfu ya bloku. Namba ya injini imezama ndani ya chuma kwa kugongwa, na ni ya injini hiyo moja.

Usafishaji unahitaji subira. Mafuta ya taa na brashi laini vinatosha. Tupa, msasa na brashi ya waya havifai kabisa hapo. Picha zipigwe huku mwanga wa tochi ukitokea ubavuni ili kivuli kiingie katika kila tarakimu. Karatasi nyembamba ikiwekwa juu yake na kusuguliwa kwa penseli hutoa nakala nzuri kuliko picha nyingi.

Kibati na daftari la kiwanda

Ndani ya boneti kuna kibati cha utambulisho chenye namba nne: ya chesisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Msomaji wa Tanzania atalielewa jambo hili haraka, kwani kadi ya gari nayo huandika namba ya chesisi na ya injini, na askari au ofisa anayekagua hulinganisha karatasi na chuma.

Lakini kibati kimeshikwa kwa vifungo vidogo tu, na vibati vipya visivyo na maandishi vinauzwa. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu ya mbele, upande wa kulia karibu na shikizo la shokomzoba, nayo haiaminiki moja kwa moja, kwa kuwa fremu hiyo imefungwa kwa bolti na hubadilishwa gari likigongwa mbele. Ndiyo maana namba za bodi na giaboksi, ambazo wengi huzipuuza, zina kazi kubwa. Ni vigumu kwa mtu kughushi zote nne bila kuacha dosari.

Shahidi asiyekuwa ndani ya gari ni kumbukumbu za kiwanda. Taasisi ya Jaguar Daimler Heritage Trust ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1983, humpa mmiliki anayethibitisha umiliki wake cheti chenye taarifa zilizoandikwa gari lilipotoka kiwandani: namba za chesisi, injini, bodi na giaboksi, rangi ya awali, tarehe, na muuzaji aliyepelekewa gari. Cheti hicho hakisemi ni injini gani iliyomo leo. Kinasema ni ipi iliyokuwamo siku ile, na kazi ya kulinganisha inabaki kwa mwenye gari.

Kwa hiyo uthibitisho unaokubalika ni wa pande tatu: chuma, kibati na daftari. Mnunuzi makini hutaka vyote kabla ya kulipa, na hutaka cheti alichokiomba muuzaji kabla ya kutangaza bei, si baada yake.

Namba za kughushi

Pale penye fedha hapakosi wajanja. Magari ya mwanzo kabisa, hasa takriban 500 ya kwanza yaliyokuwa na makomeo ya boneti kwa nje, yanatafutwa kuliko mengine, na hayo ndiyo yenye kishawishi kikubwa zaidi. Njia inayotumika ni kusaga namba iliyopo kwenye bloku nyingine na kugonga ile inayotakiwa.

Dalili ya kwanza ni uso wa chuma. Sehemu iliyosagwa huwa laini au yenye mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, tofauti na chuma kinachoizunguka, na wakati mwingine huwa imebonyea. Dalili ya pili ni mwandiko wa tarakimu, unaolinganishwa na ule wa hedi au wa magari mengine ya mwaka huo. Ikumbukwe kwamba kiwandani namba ziligongwa kwa mkono, hivyo kupinda kidogo ni kawaida. Mstari ulionyooka kupita kiasi ndio wa kutiliwa shaka.

Kipimo kinachosahaulika ni cha silinda zenyewe. Bloku yenye namba ya R ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 92 haikuzaliwa na namba hiyo. Katika mashaka makubwa zaidi, wataalamu wa uchunguzi wa jinai wanaweza kurudisha namba iliyosagwa, kwa kuwa nyundo hubana chuma chini zaidi ya kina kinachoonekana kwa macho.

Asili na halisi

Suala la sehemu zilizobadilishwa liliwahi kufika Mahakama Kuu ya England. Mwaka 1990 kampuni iliyokubali kununua kwa pauni milioni 10 gari la Bentley lijulikanalo kama Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930, ilikataa kukamilisha ununuzi kwa hoja kwamba halikuwa gari lile tena. Na kweli, lilikwisha kujengwa upya mara kadhaa, na mwaka 1932 lilishindanishwa likiwa na injini ya lita nane badala ya ile ya lita sita na nusu. Jaji Otton hakukubali kuliita la asili kwa maana kamili, lakini aliamua kwamba ni Old Number One halisi, kwa sababu lilikuwa na historia moja isiyokatika.

Hukumu hiyo huwafariji wengi, ingawa si busara kuiegemea sana. Lile lilikuwa gari moja la mashindano lenye jina na kumbukumbu zake. E-Type ni moja kati ya makumi ya maelfu, na soko hulihukumu kwa namba.

Bloku isitupwe

Injini ya asili ikithibitishwa, mwenye gari ampe mwenye karakana ya mashine maagizo ya maandishi: sehemu zenye namba zisisagwe, zisipulizwe mchanga wala kuchomelewa, na zizibwe wakati wa kupaka rangi. Hedi ikihitaji kubadilishwa, ile ya zamani irudishwe kwa mwenyewe.

Bloku yenye nyufa nayo haijafa. Silinda zinaweza kutiwa slivu mpya, na nyufa nyingine hushonwa kwa vipande vya chuma pasipo moto. Ikiwa gharama haibebeki kwa sasa, inafungwa injini nyingine, na bloku ya asili inapakwa oili, inafunikwa na kuwekwa stoo. Gari likiuzwa, bloku hiyo iuzwe pamoja nalo, na ionyeshwe kwenye hati ya mauzo kwa namba yake.