Kloro juu ya palete: alama gani zionekane inje ya plastiki?

Kipindupindu kikianza, kloro ya unga inaletwa kwa kamyo ama kwa boti, ndani ya ndoo zilizopangwa juu ya palete na kuzungushiwa plastiki. Plastiki ikiwa nyeusi, mpakiaji haoni kitu. Anaweka bidoni ya esanse pembeni. Hatari iko hapo: kloro hiyo ikikutana na mafuta inaweza kuwasha moto yenyewe.

Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, kila ndoo inabeba namba yake, mara nyingi UN 2880 ama UN 1748, na lebo ya manjano yenye umbo la almasi: moto juu ya duara, na 5.1 chini. Plastiki ikiwa inaonyesha ndani na alama zote zinasomeka, inatosha. Zikifichika, lazima zirudiliwe inje, pamoja na neno SUREMBALLAGE, herufi zisipungue milimita 12. Neno hilo peke yake halitoshi. Wengi wanakosea hapa.

Kloro na esanse haziruhusiwi kufungwa pamoja, hata alama zikiwa zote. Na ukikuta unga umemwagika, usiupanguse na kitambaa chenye mafuta wala vumbi la mbao.