Tableti na chipu ya michoro: hesabu ya 2012

Wadau, swali ninaloulizwa sana hapa Mosocho ni hili: "Hiyo tableti chipu yake ya michoro ina viini vingapi?" Leo nawajibu kwa historia fupi.

iPad ya kwanza ilitoka 2010. Kioo chake kilikuwa na pikseli 1024 kwa 768, yaani 786,432. Iliyochora ni PowerVR SGX535, chipu iliyobuniwa na Imagination ya Uingereza. iPad 2 ya 2011 ilibaki na pikseli zilezile ila ikapewa SGX543 yenye viini 2. Magemu yakaenda mbio kwelikweli.

Machi 2012 ikaja iPad ya tatu. Pikseli zikawa 2048 kwa 1536, mara 4 ya zile za awali. Viini vya aina ileile vikawa 4, mara 2 tu. Gawanya mwenyewe: kila pikseli ilibaki na nusu ya nguvu ya mwaka uliotangulia. Baada ya miezi 7 hivi Apple wakatangaza ya nne, wakisema michoro yake ni kasi mara 2.

Kwetu Kenya, tableti za DigiSchool zilianza kufika shule za msingi 2016. Mimi huandika programu za masomo, na hesabu hiyo ndiyo huifuata: picha inayosogea naichora kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kisha naikuza ijaze kioo. Kazi inabaki robo, mtoto hasubiri. Herufi naziacha kamili, zisomeke.

Basi ukiambiwa viini, uliza na pikseli.