Nilimwanika nesi aliyekataa kuweka maji ya mbio

Kuna video niliposti mwaka jana wakati wa mvua, nikiwa nje ya hospitali fulani usiku, kofia kichwani, napiga kelele za haki. Wengi wenu mliisambaza. Leo nairudia hiyo stori kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Mimi ni wa Majengo, Embu. (Ndiyo, najua, karibu kila mji Kenya una Majengo yake. Yetu ndiyo ya ukweli.) Mtoto wa binamu yangu, miaka mitatu, alikuwa na joto siku mbili. Usiku wa pili akalegea, anapumua mbio, ukimwita anafungua macho halafu anayafunga. Shangazi akamfunga kwa leso, tukapanda bodaboda.

Chumba cha dharura walifanya kazi haraka, hilo nakubali sasa. Wakamtoboa kidole kuangalia malaria na sukari, wakamwekea oksijeni, wakatafuta mshipa wakampa antibiotiki. Lakini kitu shangazi alikuwa anangoja hakikuja. Nyinyi mnajua vile mtaani tunaamini dripu. Mtu akitoka hospitali bila kuwekewa maji ni kama alienda kupiga hodi tu.

"Sista, mtoto wangu amekauka. Si umwekee maji, yaende mbio?"

"Mama, nimekusikia. Mtoto hajaharisha, hajatapika. Nimemshika mikono, nimeangalia mapigo. Ya mbio yanaweza kumuumiza. Tutampa polepole."

Maji yamuumize mtoto? Mimi nikatoka nje nikawasha kamera.

Siku tatu baadaye rafiki yangu anayesomea uuguzi akaniandikia: "Umewahi kusikia FEAST?" Nikadhani ananialika kula.

Tuanzie mbali kidogo. Maji ya kwenye mshipa yalianza na kipindupindu. Mwaka 1832, daktari wa Scotland anaitwa Thomas Latta alipitisha maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa waliokuwa wamekauka kabisa, na baadhi yao wakaamka. Kwa kipindupindu inaeleweka: mwili umemwaga maji, unarudisha maji. Hata leo mtoto wa kuharisha akifika amezimia kwa kukaukiwa, maji ya haraka ndiyo yanamwokoa. Tafadhali msije mkanisoma vibaya hapo.

Sepsisi ni kitu kingine. Mwili unapambana na maambukizi, halafu mapambano yenyewe yanageuka kuharibu viungo vya mwili: presha inashuka, damu haifiki inakotakiwa. Ukimwangalia mgonjwa kwa nje, mikono baridi na mapigo hafifu, anafanana na yule aliyekaukiwa. Kwa hivyo madaktari wakasema, mpe maji pia.

Kwa watoto, utafiti uliotajwa sana ulitoka Washington, D.C., mwaka 1991. Ulikuwa na watoto 34. Kati yao 9 walipata maji mengi zaidi katika saa ya kwanza, na 8 wakapona. Ni habari njema, lakini ni watoto tisa, na walikuwa kwenye hospitali yenye ICU. Mwaka 2001 ukaja utafiti wa watu wazima kutoka Detroit, wagonjwa 263, ulioonyesha kwamba ukimshughulikia mgonjwa mapema pale pale chumba cha dharura, kwa hatua zilizopangwa, vifo vinapungua. Mwaka 2004 ikatoka miongozo ya kimataifa ya sepsisi, na maji mengi mapema yakawa moja ya nguzo zake. Sisemi walikuwa wajinga. Kabla ya hapo kila daktari alitibu anavyojua, na watu walikufa wakingoja antibiotiki.

Lakini Mbale si Detroit. Hospitali nyingi za huku hazikuwa na mashine ya kumsaidia mtoto kupumua mapafu yakijaa.

Sasa FEAST. Kuanzia Januari 2009, timu iliyoongozwa na Profesa Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, ilifanya jaribio kwenye hospitali sita: Kilifi hapa kwetu, Muheza kule Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Walichukua watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Kwa kura, wengine walipata maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ndani ya saa moja. Mtoto wa kilo kumi, hiyo ni kama chupa ya soda hivi, imepita mshipani upesi. Wengine hawakupata ya haraka, walipata ya polepole tu. Wote walipata dawa, na damu kwa waliohitaji.

Hapa ndipo mimi hukwama nikifikiria. Mtoto anakufa mikononi, hakuna muda wa kusoma fomu, kwa hivyo mzazi aliweza kukubali kwa mdomo kwanza, karatasi ikafuata hali ikitulia. Na karibu kila mtu, watafiti wakiwemo, alitarajia maji yashinde. Sasa fikiria mama wa Soroti ambaye kura ilimwangukia upande wa kukosa. Shangazi yangu angeangusha hiyo wodi.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa inaangalia matokeo ikasimamisha jaribio. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia. Kati ya waliopata maji ya haraka, karibu 11 kwa kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya waliokosa, 7. Na kitu kilichonitia baridi: saa ya kwanza, waliopata maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Yaani ungekuwa pale ukiangalia kwa macho yako, ungeapa kwamba maji yanafanya kazi.

Dunia haikukubali haraka. Wengine walisema ni mambo ya Afrika, ni malaria. Kenya ilibadilisha miongozo yake ya watoto mwaka 2013, masharti ya kumpa mtoto maji ya haraka yakakazwa. Shirika la Afya Duniani likafuata 2016. Halafu 2017 yakatoka matokeo ya Lusaka, Zambia, ya watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi walikufa 48 kwa 100. Waliopata huduma ya kawaida, 33. Mwaka 2020 miongozo ya kimataifa ya watoto ikatenganisha hospitali yenye ICU na isiyo nayo, na huko kusiko na ICU, kama presha ya mtoto haijashuka, ikashauri maji ya haraka yasitolewe.

Kwa hivyo yule nesi niliyemwanika mbele yenu alikuwa anafuata mwongozo. Na mwongozo wenyewe haukuletwa kwa ndege. Uliandikwa na watoto wa Kilifi, Muheza na Mbale, wale waliopona na wale ambao hawakurudi nyumbani. Mimi ningetaka kelele zangu ningezipigia vitu vingine: hospitali isiyo na oksijeni, antibiotiki ambayo familia inatumwa ikanunue duka la nje saa nane usiku.

Mtoto alikaa wodini siku sita. Sai anakimbiza kuku wa jirani. Video niliifuta, na nilirudi kumtafuta yule sista nikaambiwa amehamishwa zamu. Shangazi nilimsomea hizi namba zote jikoni, polepole, moja moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuza chapati.

"Sawa," akasema. "Lakini si wangemwekea tu kidogo?"