Sanduku la mahameli lililoshindwa na mvuke

Aprili 5, 2027 itatimia miaka 200 tangu azaliwe Joseph Lister, Mwingereza aliyewafundisha wapasuaji kuua vijidudu vidondani. Sifa atapewa nyingi. Sidhani kama kuna atakayelikumbuka sanduku la vyombo vya upasuaji ambalo mafundisho yake yalilifukuza hospitalini.

Lilikuwa sanduku la mahogani, kona zimekazwa kwa shaba, lina kufuli na kibao cha jina la mwenyewe. Ndani limetandikwa mahameli, na kila chombo kina kitako chake: visu virefu vya kukatia miguu, msumeno wa mfupa, koleo, mkanda wenye parafujo wa kubania mshipa. Mipini ilikuwa ya mpingo au, kwa wenye uwezo, ya pembe za ndovu, bidhaa iliyoipa Zanzibar utajiri karne ya 19. Ilichanjwa mistari ya kukingamana isiteleze kiganjani penye damu. Kazi ikiisha, kisu kilifutwa kwa kitambaa kikarudishwa kwenye mahameli pamoja na uchafu wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwapa mafundi wa New York na Philadelphia kazi tele ya kuunda masanduku hayo. Mwaka 1867 Lister, akiwa Glasgow, alichapisha matokeo ya kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki.

Wamarekani hawakumwelewa. Septemba 1876 alikwenda Philadelphia kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari, akazungumza kwa muda wa karibu saa tatu. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Samuel Gross, bingwa wa upasuaji wa mji huo, ambaye mwaka huohuo aliandika kwamba wapasuaji makini wa upande wake wa Atlantiki hawana imani na dawa hiyo. Mchoraji Thomas Eakins alikuwa ameshamchora Gross, 1875, akipasua paja la mgonjwa: koti jeusi la mtaani, vidole vimelowa damu. Kamati ya sanaa ya maonyesho makubwa ya 1876 mjini humo iliikataa picha hiyo, ikaishia kutundikwa kwenye banda la hospitali ya jeshi. Kamati iliiogopa damu. Gross hakuiogopa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi. Madaktari walimchokonoa kidonda kwa vidole visivyooshwa, akafariki baada ya siku 79. Eakins alipomchora mpasuaji Hayes Agnew mwaka 1889, wapasuaji walikuwa tayari wakivaa nguo nyeupe.

Berlin nako wapasuaji walikuwa wakichemsha vyombo na kuvitia mvuke ili kuua vijidudu. Mvuke hutengua gundi na kupasua pembe, kwa hiyo chombo kikawa chuma kitupu, mpini na makali pamoja. Sanduku likawa pambo.

Picha ya Gross ilipotaka kuuzwa nje ya mji mwaka 2006, Philadelphia ilichangishana na kuibakiza kwa dola milioni 68. Masanduku hayana watetezi wa namna hiyo: kisu kinauzwa huku, msumeno kule, boksi tupu linawekewa vito. Ni uharibifu mtupu. Aliyerithi seti kama hiyo asiing'arishe wala asiigawanye; aipeleke makumbusho ikiwa nzima, na kutu yake.