Jumuiya Ilivunjika, Mnada Ukabaki
Mwaka 1951 Kericho ilipata Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki. Wataalamu wake, waliokuwa kituo cha Timbilil, walichunguza udongo na miche kwa faida ya Kenya, Uganda na Tanganyika, miaka 16 kabla ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jumuiya yenyewe ilidumu miaka 10 tu. Ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Mwaka 1980, kazi ya Timbilil ikakabidhiwa wakfu wa Kenya pekee.

Mnada wa chai haukuvunjika. Ulianzia Nairobi miaka ya 1950, ukahamia Mombasa 1969, na huko chai ya Kericho na Bomet imeuzwa sambamba na ya Uganda, Rwanda, Burundi na hata Malawi, isiyo mwanachama wa Jumuiya. Madalali hawakungoja marais wapatane (wangengoja sana!), walitaka bandari, maghala, na wanunuzi kutoka Pakistan na Misri. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, mnada wa London ulikuwa umeshafungwa tangu 1998, na Mombasa ilikwisha kuwa soko la kanda nzima.