Kipandauso na kidonge cha mgonjwa wa moyo

Waliouita ugonjwa huu kipandauso walikuwa wameutazama vizuri. Maumivu huanza pembeni, aghalabu upande mmoja, nyuma ya jicho au penye kipaji, kisha yakaupanda uso na kichwa yakipiga kama mapigo ya moyo. Mwanga humchoma mgonjwa. Redio ya jirani huwa adhabu. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa humtapisha. Wako ambao, kabla kichwa hakijaanza, huona vimulimuli na mistari inayometameta mbele ya macho. Hali hiyo huendelea kwa saa kadhaa, pengine hata siku 3, halafu hupoa, na mtu akaamka kana kwamba hakuwa na lolote.

Hapo huanza taabu ya pili. Mkuu wa kazi aliyempa ruhusa Jumatatu akiwa amejikunja, anamwona Alhamisi akicheka na wenzake, naye anaamua moyoni kwamba huyu ni mvivu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hospitalini ugonjwa huu huitwa maigreni. Wataalamu wanakadiria kwamba duniani unampata mtu 1 katika kila watu 7 hivi, na wanawake huupata mara 2 hadi 3 kuliko wanaume. Kwa hesabu hiyo, basi lenye abiria 28 limebeba wagonjwa 4. Juma hili sitazungumzia dawa za kutuliza maumivu yakishafika, kwani hizo kila mtu anazijua. Nataka tufuate historia ya dawa za kuyazuia yasifike, maana katika historia hiyo yumo mgonjwa mmoja ambaye jina lake hatulijui, lakini ametufaa wengi.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Katika karne ya 2, tabibu Galeni aliuita kwa Kigiriki hemikrania, yaani nusu ya fuvu, na neno hilo, baada ya kupita vinywani mwa Walatini na Wafaransa, ndilo lililozaa maigreni. Waarabu waliuita shaqiqa, neno lenye maana ya kupasuka na ya nusu. Katika hadithi zilizokusanywa na Imam Bukhari imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliumikwa kichwani akiwa katika ihramu kwa ajili ya shaqiqa. Kuumika huko, kwa chuku au pembe, ni tiba inayojulikana pia katika mwambao wetu.

Huko Ulaya dawa ilitokea mahali pasipotarajiwa. Nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, huota kuvu nyeusi wakati wa mvua nyingi. Katika zama za kati watu waliokula mkate wa nafaka hiyo waliungua mikono na miguu kwa ndani, viungo vikawa vyeusi na kukatika, na ugonjwa ukaitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Sumu hiyo ilikuwa inakaza mishipa ya damu. Wakunga walijua kwamba kiasi kidogo chake huharakisha uchungu wa uzazi. Mwaka 1918 mkemia Arthur Stoll, wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, alifaulu kutoa katika kuvu hiyo kemikali safi iliyoitwa agotamini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1938, madaktari John Graham na Harold Wolff wa Marekani walionyesha kwamba mgonjwa wa kipandauso akipewa agotamini, mapigo ya mshipa wa kwenye panja hupungua, na maumivu hushuka pamoja nayo.

Ilikuwa hatua kubwa, lakini dawa hiyo ilikuwa ya kuzima moto nyumba ikiwa tayari inaungua. Tena ilikuwa na hila yake: aliyeizoea na kuimeza mara kwa mara alianza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe.

Fikra ya kuzuia ilipata nguvu mwaka 1959, mjini Florence, Italia. Daktari Federigo Sicuteri aliwapa wagonjwa wake dawa mpya iliyoitwa methisajaidi, wakaimeza kila siku, waumwe wasiumwe, na mashambulizi yakapungua. Habari zilienea upesi. Huko Marekani yule yule John Graham wa mwaka 1938 aliitumia kwa wagonjwa wengi, na mwaka 1964 akachapisha taarifa ya wagonjwa 500. Lakini kati ya mwaka huo na 1966 ni yeye pia aliyetoa habari mbaya: baadhi ya waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu waliota tishu ngumu kama kovu nyuma ya tumbo, ikabana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Madaktari wakaweka sharti kwamba mgonjwa aiache dawa kwa wiki kadhaa kila baada ya miezi 6. Polepole ikapoteza nafasi yake, na leo katika nchi nyingi haipatikani tena. Napenda kumtaja Graham kwa sababu alikuwa mtetezi wa dawa hiyo, naye hakuuficha ubaya wake alipouona.

Sasa tuhamie Uingereza, kwa mtu ambaye hakuwa akifikiria vichwa hata kidogo. James Black alizaliwa Uddingston, Scotland, mwaka 1924, akasomea udaktari, na mwaka 1958 akajiunga na kampuni ya kemikali ya ICI. Aliwafikiria watu wanaoshikwa na maumivu ya kifua kila wapandapo ngazi au wakasirikapo, kwa kuwa mishipa ya moyo wao imekuwa myembamba na moyo haupati hewa ya kutosha. Wakati huo wengi walikuwa wakitafuta namna ya kuupelekea moyo damu zaidi. Black aliligeuza swali: kwa nini tusiupunguzie moyo kazi, ili utosheke na damu iliyopo?

Alitumia wazo la Mmarekani Raymond Ahlquist, aliyeandika mwaka 1948 kwamba adrenalini hufanya kazi mwilini kupitia vipokezi vya aina mbili. Adrenalini ni ile kemikali inayotufanya moyo utupige tukishtuka. Black alitaka kitu cha kukaa katika vipokezi vya moyo ili adrenalini ikifika ikute nafasi imekwisha kuchukuliwa. Dawa yake ya kwanza, pronethaloli, ilileta uvimbe katika panya wa maabara, ikaachwa. Ya pili ilikuwa propranololi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1964, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Kwa kazi hiyo na nyingine, Black alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1988 pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Alifariki mwaka 2010.

Kutoka kwenye moyo hadi kwenye kichwa, njia ilipitia barani kwetu. Mwaka 1966 madaktari wanne wa Johannesburg, Afrika Kusini, ambao ni Rabkin, Stables, Levin na Suzman, walichapisha taarifa ya kuwapa propranololi wagonjwa wa maumivu ya kifua. Suzman huyo alikuwa mume wa Helen Suzman, mbunge aliyejulikana kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa na magonjwa mawili, moyo na kipandauso. Alipoanza kumeza dawa ya moyo, kipandauso nacho kikamwacha.

Wasikilizaji, hebu tusimame hapo kidogo. Madaktari wale walikuwa wakiuliza habari za kifua, na kichwa hakikuwamo katika utafiti wao. Mgonjwa angeweza kunyamaza, akafurahia bahati yake na kwenda nyumbani. Daktari naye angeweza kusema, haya, tumshukuru Mungu, sasa nieleze habari za kifua. Lakini habari ya kichwa ilisemwa, ikasikilizwa, ikaandikwa. Mistari michache katika taarifa ya ugonjwa mwingine ikawa mlango.

Habari ya mtu mmoja si ushahidi, kwa sababu kipandauso huja na kuondoka chenyewe. Ndiyo maana wengine walijaribu tena kwa utaratibu mkali zaidi. Mwaka 1972 madaktari Weber na Reinmuth wa Marekani walichapisha jaribio ambamo mgonjwa alipewa dawa kwa kipindi fulani, na kwa kipindi kingine akapewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, bila yeye wala daktari wake kujua kipi ni kipi. Dawa ilishinda. Majaribio mengine yakafuata, na leo Shirika la Afya Duniani linaitaja propranololi katika orodha yake ya dawa muhimu kuwa dawa ya kuzuia kipandauso. Ni dawa ya zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, na bei yake si ya kutisha.

Hata hivyo inatumiwa na wachache kuliko wanaoihitaji, na sababu mojawapo imo katika mazoea yetu. Mimi ni mmoja wa wagonjwa hao. Daktari aliponiandikia kidonge cha kumeza asubuhi na jioni, nilimwuliza jambo ambalo nadhani wengi wenu mngeliuliza: nimeze dawa nami siumwi? Akanijibu, "Ndugu mtangazaji, chandarua wewe hukitundika ukishaumwa na mbu?"

Jibu hilo lina hekima. Dawa kwetu ni kitu cha kununuliwa maumivu yakishafika, vidonge viwili viwili, dukani, tena kwa kujiandikia wenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba, twasema, lakini tunaisema zaidi tunapochanja watoto. Kidonge cha kuzuia kinahitaji subira ya aina nyingine. Hakionyeshi kazi yake kesho wala keshokutwa. Madaktari hungoja wiki 8 au zaidi kabla ya kuamua kama kinafaa, na wanahesabu kuwa kimefaulu ikiwa mashambulizi yamepungua kwa nusu. Aliyetarajia yakome kabisa atakitupa mwezi wa kwanza, ilhali mtu aliyekuwa akilala kitandani siku 8 kwa mwezi na sasa analala 4, amerudishiwa siku 48 za maisha yake kila mwaka.

Na asiyezuia hulipa kwa njia nyingine. Ile hila ya agotamini niliyoitaja imo pia katika vidonge vya kawaida vya maumivu. Wataalamu wanasema anayemeza vidonge hivyo siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi 3 na kuendelea, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Anaumwa, anameza, anaumwa tena kwa kuwa amemeza. Wako wengi mijini mwetu wanaozunguka ndani ya duara hilo, mara wakiambiwa ni malaria, mara ni presha, mara ni macho, mara wamerogwa.

Propranololi nayo ina miiko yake, na ndiyo sababu hutolewa kwa cheti cha daktari. Mwenye pumu hapaswi kuitumia, kwani vile vipokezi inavyovikalia viko pia katika mapafu, na kuvifunga huko kunaweza kumbana pumzi. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole mno naye haimfai, na aliyeizoea haiachi ghafla. Usimpe jirani yako vidonge vyako kwa huruma.

Sayansi haikusimama hapo. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha sindano ya kwanza ya kundi jipya, inayodungwa mara moja kwa mwezi. Kundi hilo lilibuniwa kutokana na utafiti wa kipandauso chenyewe, na wanasayansi wanne waliofungua njia hiyo walipewa Tuzo ya Ubongo ya Denmark mwaka 2021. Ni kazi ya kusifiwa, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Kwa wengi wetu, kidonge kilichokusudiwa moyo bado ndicho kilicho karibu.

Wapenzi wasikilizaji, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukiingia kwa daktari kwa ajili ya mguu, na kichwa kinakulaza kila mwezi, kiseme na kichwa. Andika tarehe za mashambulizi katika daftari, na idadi ya vidonge unavyomeza, umwonyeshe. Nanyi madaktari wetu, najua foleni ni ndefu na benchi limejaa. Lakini yule wa Johannesburg alikuwa mgonjwa wa moyo aliyetaja kichwa, na kuna daktari aliyeona kwamba neno hilo linastahili wino.