Sinema ya kwanza ya kuchambua iko Vugiri

Vijana wa Mlola wanaonijia kutaka kujifunza kuchambua filamu hudhani tutaanza na Hollywood. Mimi huanza na Vugiri, katika milima hii hii ya Usambara, upande wa Korogwe.

Huko, kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misheni liliendesha mradi wa sinema kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji picha, G. C. Latham akashika upande wa elimu. Zikatoka filamu 35, juu ya safura, kodi, mmomonyoko wa udongo na kadhalika. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, hivyo filamu moja iliweza kusemeshwa lugha tofauti kila ilikopelekwa, kuanzia Kenya na Uganda hadi Nyasaland (Malawi ya leo).

Chukua ile ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanalipwa mshahara. Mmoja anafukia fedha zake chini nyumbani, zinaibwa. Mwenzake anaziweka posta, zinasalimika. Mwanafunzi wangu huniambia hapo hakuna cha kuchambua. Kipo, tena kingi. Maisha ya watu wawili yamewekwa ubavu kwa ubavu, na mtazamaji anatoa hukumu kabla hajaambiwa neno. Waongozaji filamu wa Kirusi kina Kuleshov na Eisenstein walikuwa wameandika nadharia nzima juu ya nguvu hiyo ya kuunganisha vipande. Kisha uliza: je, filamu inasema mshahara wenyewe ulikuwa kiasi gani, na nani aliupanga? Kinachoachwa nje ya picha nacho ni lugha.

Swali hilo lina uzito, kwa sababu wakoloni walijenga nadharia yao juu ya macho yetu. William Sellers, aliyeanzia kazi ya filamu Nigeria na baadaye kuongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ya kawaida: picha ziende polepole, kamera itulie, vipande visikatwe ovyo. Ilhali mwaka 1929 mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley alikwisha kuonyesha filamu kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki akakuta wanaelewa vizuri. Ushahidi ulikuwepo, ukapuuzwa. Naiona dhuluma, kwani dharau hiyo iligeuzwa kanuni ya ufundi, na filamu tulizotengenezewa zikafuata kanuni hiyo kwa miaka mingi.

Dharau hiyo ilikanushwa wazi miongo kadhaa baadaye, katika vibanda umiza (kumbi ndogo za video) vya Dar es Salaam, ambako msimulizi Lufufu alikuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa mdomo, akieleza, akikosoa na kuongeza yake. Huo ni uchambuzi kamili, nasi tuufundishe hivyo.

Wewe unayesoma haya Lushoto, Bumbuli au Korogwe, kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuliona gari la sinema lililozunguka vijijini kuonyesha filamu, kaa naye mwezi huu. Muulize aliona nini, na watu walibishana nini wakirudi nyumbani. Andika majibu yake.